Mechi Iliyokesha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Pawtucket na Rochester, 1981

Kila ninapoitaja mechi hii mbele ya watu waliozoea soka, mtu wa kwanza hucheka, wa pili husema nimetia chumvi, na wa tatu huanza kuuliza. Maswali yenyewe hayabadiliki sana, kwa hiyo nimeona niyaweke pamoja na kuyajibu mara moja. Huhitaji kuijua besiboli. Inatosha kuwa umewahi kukesha mahali ukisubiri jambo liishe, nalo haliishi.

Ni mechi gani hasa?

Ni mechi ya besiboli ya kulipwa kati ya Pawtucket Red Sox, waliokuwa nyumbani, na Rochester Red Wings, wageni kutoka jimbo la New York. Ilianza Jumamosi tarehe 18 Aprili 1981 katika uwanja wa McCoy, mjini Pawtucket, jimbo dogo la Rhode Island huko Marekani. Ilimalizika tarehe 23 Juni. Mwaka uleule, ndiyo, lakini zaidi ya miezi miwili baadaye. Ilikwenda mizunguko 33 na kuchukua saa 8 na dakika 25 za mchezo, na matokeo yalikuwa Pawtucket 3, Rochester 2. Hakuna mechi ya besiboli ya kulipwa iliyowahi kuwa ndefu kuliko hiyo.

Timu zote mbili zilikuwa za daraja la AAA, ambalo ni ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu. Pawtucket ilikuwa ikiwalea wachezaji wa Boston Red Sox, na Rochester wa Baltimore Orioles. Kwa hiyo uwanjani walikuwapo vijana waliobakiza hatua moja kuingia kwenye nyumba kubwa, pamoja na wakubwa kidogo waliokwisha kupiga hodi miaka kadhaa bila kukaribishwa. Hilo likumbuke, maana ndilo linaloifanya mechi hii iwe zaidi ya kioja.

Mzunguko ni nini? Mimi najua dakika 90 tu.

Mechi ya besiboli haimalizwi na saa. Hakuna mwamuzi anayetazama mkono wake, wala kibao cha dakika za nyongeza. Mchezo hugawanywa katika mizunguko 9, na katika kila mzunguko timu ya wageni hushika gongo kwanza, kisha wenyeji. (Gongo la mti, si lile la kunywa.) Mrushaji wa timu pinzani humtupia mpigaji mpira, naye hujaribu kuugonga na kukimbia kupitia vituo vitatu hadi arudi alipoanzia, pale panapoitwa nyumbani. Akifika nyumbani, timu yake imepata bao. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu imekwisha na timu zinabadilishana.

Mechi ya kawaida wakati huo ilichukua kama saa mbili na nusu hadi tatu. Shida huja pale mizunguko 9 inapokwisha na mabao yako sawa. Kwenye ligi yetu mngesema ngoma droo, mkagawana pointi, kila mtu akaenda kulala. Besiboli ya Marekani haiipendi sare. Unachezwa mzunguko mwingine kamili, na mwingine, na mwingine, hadi mmoja amzidi mwenzake. Penalti hakuna. Wenyeji, kwa kuwa hupiga mwisho, wakipata bao la ushindi katika zamu yao mchezo hukatika papo hapo.

Usiku ule ilichezwa mizunguko 32 mfululizo. Piga hesabu: ni mechi tatu nzima, na nusu ya nne, bila kutoka uwanjani.

Mbona hawakuisimamisha? Hapakuwa na sheria?

Sheria ilikuwapo, na hapa ndipo penye utamu.

Ligi yao, iliyoitwa International League, ilikuwa na kanuni kwamba hakuna mzunguko mpya unaoruhusiwa kuanza baada ya saa 6:50 usiku. Ni kanuni ya busara kabisa. Wachezaji wana safari, mashabiki wana watoto, na mji una watu wanaotaka kulala. Tatizo ni kwamba mwaka ule kitabu cha maelekezo alichokuwa nacho mwamuzi mkuu, Jack Lietz, hakikuwa na kifungu hicho. Kiliachwa nje tu, kwa namna ambayo nyaraka huacha vitu. Viongozi wa timu walijua kwamba kuna muda wa mwisho, wakamwambia. Lietz akapekua kitabu chake na asiuone. Mwamuzi hufuata kilichoandikwa, si kinachokumbukwa na watu wenye usingizi, kwa hiyo akasema mchezo uendelee.

Ofisi ya Pawtucket ikaanza kumtafuta rais wa ligi, Harold Cooper, kwa simu. Mwaka 1981 simu iliita nyumbani, na mtu asipokuwapo, au akiwa amelala fofofo, iliendelea kuita. Ilipofika karibu saa 10 alfajiri ndipo wakampata. Cooper aliposikia kinachoendelea hakuamini masikio yake, akaagiza kwamba mzunguko uliokuwa ukichezwa ukiisha bila mshindi, watu wapelekwe kulala. Mzunguko huo ulikuwa wa 32. Uliisha saa 10:07 alfajiri, na mabao yalikuwa bado 2–2.

Binafsi simlaumu Lietz. Ninavyoona mimi, angeisimamisha mechi kwa kanuni asiyoweza kuionyesha, upande mmoja ungekuja na malalamiko asubuhi, na angekosa karatasi ya kujitetea nayo.

Mabao yenyewe yalipatikanaje?

Kwa taabu. Hata kuanza kulikuwa kwa taabu, maana taa za uwanja ziligoma na mchezo ukachelewa nusu saa hivi, hadi yapata saa 2 usiku. Mashabiki waliolipa walikuwa 1,740.

Rochester walipata bao la kwanza mzunguko wa 7. Ikawa 1–0 hadi zamu ya mwisho ya Pawtucket, mzunguko wa 9, watu wakiwa wameanza kutafuta funguo za magari. Chico Walker akagonga mpira uliomfikisha kituo cha pili, akasogea hadi cha tatu, na Russ Laribee akaupeleka mpira juu na mbali. Ulidakwa, naye akahesabiwa ametolewa, lakini umbali ule ulimpa Walker nafasi ya kukimbia nyumbani. 1–1. Wenye funguo wakazirudisha mfukoni.

Kisha ukimya. Mzunguko wa 10, wa 11, wa 15, wa 20. Kila timu inaingia, inatolewa, inatoka. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nje kuelekea kwa mpigaji, na mipira ambayo siku nyingine ingeruka ukuta ilikuwa inasukumwa na kurudi kwenye mikono ya wadakaji.

Mzunguko wa 21 Rochester wakapenya. Mdakaji wao wa nyuma ya mpigaji, Dave Huppert, aliupiga mpira uliowapa bao, ikawa 2–1. Hapo hata mashabiki wa Pawtucket waliobaki, nadhani, walishukuru kimoyomoyo. Lakini katika zamu ya wenyeji kijana mmoja mlinzi wa kituo cha tatu, Wade Boggs, akaugonga mpira wa nguvu na kuingiza bao la kusawazisha. 2–2. Boggs amesimulia mara nyingi kwamba alipotazama wenzake hakujua kama wanataka kumkumbatia au kumtandika ngumi. Nadhani hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiokoa timu yake akaonewa kinyongo kiasi hicho.

Baada ya hapo, mizunguko 11 mingine bila bao.

Ni kweli walichoma magongo?

Ni kweli. Aprili huko kaskazini-mashariki mwa Marekani bado ina meno ya baridi, na usiku ule ulikuwa na upepo wa kuukata mwili. Mchezaji wa besiboli hutumia muda mwingi ameketi akisubiri zamu, na mwili uliotulia kwenye baridi ya namna hiyo huganda. Wakawasha moto kwenye vibanda vyao vya kando ya uwanja. Walichoma magongo yaliyovunjika, na magongo hayo yalipokwisha wakageukia mbao za mabenchi.

Huwa najaribu kuipata picha hiyo: wanaume wazima wenye sare za michezo wakiuzunguka moto kama walinzi wa usiku wa Kariakoo, wakiota mikono, kisha mmoja anaitwa, anachukua gongo ambalo halijachomwa, anakwenda kupiga, anakosa, anarudi motoni.

Na upepo je? Nasikia uliiba ushindi.

Huo ni mkasa wa Sam Bowen wa Pawtucket. Usiku wa manane aliupiga mpira uliopaa vizuri sana, na walioushuhudia waliapa kwamba ulikuwa umekwishavuka ukuta, hom rani safi, mechi imekwisha. Upepo ukaurudisha ndani. Ukaangukia glavu ya Dallas Williams wa Rochester.

Bowen huyohuyo ndiye aliyewanyima Rochester ushindi katika mzunguko wa 32. John Hale alikuwa akikimbilia nyumbani na bao la kuongoza, na Bowen, kutoka mbali kwenye majani, akaurusha mpira uliomtangulia Hale mlangoni. Akatolewa. Ilikuwa karibu saa 10 alfajiri. Mtu aliyesimama kwenye baridi kwa muda wa saa nane bado alikuwa na mkono wa kurusha namna ile. Mimi saa hizo siwezi kurusha hata shuka.

Ni nani walibaki hadi mwisho?

Mashabiki 19. Kati ya 1,740 walioingia, hao ndio walioona mzunguko wa 32. Uongozi wa Pawtucket uliwapa pasi za kuingia uwanja wa McCoy, za msimu au za maisha, kwa heshima ya kukesha kwao.

Miaka ilivyopita idadi ya watu wanaodai walikuwapo iliongezeka, kama inavyoongezeka kwa kila tukio la namna hiyo. Sisi pia tunawajua wazee waliokuwapo uwanjani siku za mechi kubwa kwa idadi ambayo uwanja wenyewe usingeibeba.

Nyongeza ndogo: usiku ule ulikuwa mkesha wa Pasaka. Waliotoka uwanjani saa 10 alfajiri walikuwa wanaelekea nyumbani saa ambazo wengine walikuwa wanajiandaa kwa ibada ya alfajiri ya Jumapili. Kwa hiyo wachezaji walishika mkesha bila kukusudia.

Kuna hadithi ya mke aliyekataa kuamini. Ni ya kweli?

Ni ya Luis Aponte, mrushaji wa Pawtucket kutoka Venezuela. Yeye alirusha mizunguko 4, kuanzia wa 7 hadi wa 10, akamaliza kazi yake mapema. Usiku ulipozidi, kocha akamruhusu aende nyumbani akapumzike. Akafika mlangoni saa ambazo mume mwema hafiki. Mkewe akamuuliza alikotoka. Akajibu: uwanjani, tulikuwa tunacheza.

Wewe ungeamini?

Akamwambia basi asubiri, atasoma kwenye gazeti la Jumapili. Kumbe gazeti la Jumapili lilikuwa limekwenda mitamboni wakati mechi ikiendelea, halikuwa na matokeo. Ikabidi maskini asubiri la Jumatatu ili jina lake lisafishwe. Katika habari zote za mechi hii, hii ndiyo ninayoisimulia kwanza nikiwa na watu walio kwenye ndoa.

Kocha alifukuzwa uwanjani akabaki?

Joe Morgan, kocha wa Pawtucket, alitolewa nje na waamuzi mzunguko wa 22 kwa kubishana. Mtu mwingine angeshukuru Mungu, akaenda kulala. Morgan alijificha nyuma ya uzio ulio nyuma ya mdakaji, akawa anachungulia kwenye tundu hadi mwisho. Baadaye, mwaka 1988, alikabidhiwa Boston Red Sox yenyewe. Usimchanganye na Joe Morgan mchezaji maarufu wa Cincinnati. Ni watu wawili.

Wachezaji gani walikuja kuwa na majina makubwa?

Wawili wako kwenye Jumba la Heshima la besiboli kule Cooperstown, na wote wawili walicheza nafasi ileile, kituo cha tatu, kila mmoja upande wake.

Wade Boggs wa Pawtucket usiku ule alipiga mara 4 katika majaribio 12. Husimulia kwamba alimwambia baba yake amepiga mipira minne, mzee akafurahi sana, ndipo akalazimika kuongeza kwamba alikwenda kupiga mara kumi na mbili. Mwaka uliofuata alipandishwa Boston, na hadi anastaafu alikuwa amefikisha mapigo salama 3,010, yaani mipira aliyoigonga ikamfikisha kituoni. Aliingizwa Cooperstown mwaka 2005.

Cal Ripken wa Rochester alikuwa na umri wa miaka 20. Alipata 2 katika 13, akacheza mizunguko yote. Agosti ya mwaka huohuo akaitwa Baltimore, na kuanzia Mei 1982 hadi Septemba 1998 hakukosa mechi hata moja: mechi 2,632 mfululizo, rekodi inayomfanya ajulikane duniani. Siwezi kujizuia kufikiri kwamba mtu aliyefundwa kwenye jando la mizunguko 33 hawezi kuomba ruhusa ya mafua.

Wengine pia walifika. Bruce Hurst, aliyekuwa mrushaji wa Pawtucket mechi iliposimamishwa, pamoja na Boggs, Marty Barrett na mdakaji Rich Gedman, walicheza fainali ya Ligi Kuu ya mwaka 1986 wakiwa na Boston. Upande wa pili wa fainali hiyo, kwa New York Mets walioibuka mabingwa, alikuwapo Bob Ojeda, mwenzao wa Pawtucket ambaye tutamkuta hapa chini.

Na waliopata aibu?

Sipendi neno aibu hapa, lakini takwimu zipo. Dallas Williams, yule aliyeudaka mpira wa Bowen, alijaribu mara 13 na hakupata pigo salama hata moja. Sifuri kwa kumi na tatu katika mechi moja. Russ Laribee alikuwa sifuri kwa kumi na moja, na mara 7 alitolewa kwa kukosa mpira mara tatu.

Ila Laribee ndiye yule wa mzunguko wa 9. Asingeupeleka ule mpira mbali, Rochester wangeshinda 1–0, watu wangelala saa 5 usiku, na mimi nisingekuwa na la kuandika.

Kuna pia waliofanya makubwa bila kusifiwa sana. Jim Umbarger, mrushaji wa Rochester, aliingia mzunguko wa 23 akarusha mizunguko 10 bila kuruhusu bao. Hiyo ni kazi inayozidi mechi nzima, kaianza watu wengine wakiwa usingizini. Na Huppert alikaa nyuma ya mpigaji mizunguko 31. Nafasi ya mdakaji ni ya kuchuchumaa. Jaribu kuchuchumaa na kusimama kwa saa nane, kisha uniambie habari za magoti yako.

Kwa nini ilingoja hadi Juni?

Kwa sababu Rochester hawakupangiwa kurudi Pawtucket hadi Juni. Mechi ikawekwa kiporo.

Katikati ya kusubiri, jambo likatokea lililobadilisha kila kitu: tarehe 12 Juni wachezaji wa Ligi Kuu waligoma. Viwanja vikubwa vikafungwa, na kamera na waandishi wakabaki bila la kufanya. Mjini Pawtucket, kwenye uwanja mdogo wa ligi ya chini, palikuwa na mzunguko mmoja wa kumalizia. Kiporo kikawa ndiyo karamu.

Tarehe 23 Juni walijaa watu 5,746, hapakuwa na nafasi tena, na waandishi walitoka kila upande. Linganisha na wale 19.

Mzunguko wa 33 ulikuwaje?

Dakika 18 tu. Wote waliojaa, kamera zote zile, dakika 18.

Ojeda aliwarushia Rochester na hawakupata kitu. Wenyeji wakashika gongo dhidi ya Steve Grilli. Barrett aligongwa na mpira, na anayegongwa hupewa kituo cha kwanza bure. Walker akapiga pigo safi, Barrett akafika kituo cha tatu. Rochester wakampa Laribee kituo kwa makusudi ili vituo vyote vijae, hesabu ya kawaida ya walinzi pale hakuna aliyetolewa na bao moja linamaliza kila kitu. Grilli akabadilishwa, akaingia Cliff Speck kurusha.

Aliyekuja kupiga alikuwa Dave Koza. Akaupiga mpira kuelekea kushoto, ukaanguka kwenye majani, Barrett akakimbia nyumbani. 3–2. Ojeda akaandikwa mrushaji mshindi. Grilli, ambaye hata hakuwapo usiku ule wa Aprili, akaandikwa aliyeshindwa. Kuna watu bahati yao iko hivyo: unakosa mkesha, unakuja kulipa bili.

Koza alikwenda wapi baada ya hapo?

Swali hili halinifikii mara nyingi kama la Boggs na Ripken, nami ndilo ninalolipenda.

Koza alitokea Wyoming, jimbo la nyanda na milima ambako besiboli ya kiangazi ni fupi. Alikuwa mchezaji wa kituo cha kwanza mwenye nguvu, na alikwishakaa Pawtucket misimu kadhaa akingoja simu ya Boston. Katika mechi ile alipiga 5 katika 14, idadi kubwa kuliko ya Boggs. Pigo lake la tano ndilo lililoifunga mechi ndefu kuliko zote, mbele ya kamera ambazo wachezaji wa daraja lile hawakuwahi kuziona.

Simu ya Boston haikupigwa. Hakucheza Ligi Kuu hata siku moja.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kwa kuwataja wale wawili wa Cooperstown, kana kwamba mechi ilipata uzito kwa sababu wao walikuwamo. Mimi naiona kinyume. Ripken na Boggs wangekumbukwa hata kama taa za McCoy zisingewaka usiku ule. Kwa wengi wa wale waliokuwa wanaota moto wa magongo, hiyo ndiyo ilikuwa mechi kubwa kuliko zote watakazocheza, na hawakuwa na namna ya kulijua hilo saa 9 usiku. Walijua tu kwamba kila jaribio linaandikwa, na kwamba huko Boston na Baltimore kuna mtu atakayesoma karatasi. Ndiyo maana hakuna aliyezembea makusudi ili akalale. Kutolewa kirahisi mzunguko wa 28 kungeandikwa vilevile kama kutolewa mzunguko wa kwanza.

Je, ndiyo ndefu kuliko zote kweli? Nimesoma kuhusu nyingine.

Kwa besiboli ya kulipwa, ndiyo. Iliyoshika rekodi kabla yake ilikuwa ya mizunguko 29, Miami dhidi ya St. Petersburg katika ligi ya Florida, Juni 1966, na Miami walishinda 4–3.

Unachosoma pengine ni rekodi za Ligi Kuu, ambazo ni fupi zaidi. Tarehe 1 Mei 1920 Brooklyn na Boston Braves walicheza mizunguko 26 wakatoka 1–1 kwa sababu giza liliingia, maana taa hazikuwapo viwanjani. Warushaji wawili, Leon Cadore na Joe Oeschger, walirusha mizunguko yote 26 kila mmoja. Leo mrushaji akifika mzunguko wa 7 kocha anaanza kumwangalia kwa huruma. Na Mei 1984 Chicago White Sox na Milwaukee Brewers walicheza mizunguko 25 kwa siku mbili, saa 8 na dakika 6, hadi Harold Baines alipopiga hom rani ya kuimaliza.

Rekodi hii itavunjwa?

Sioni njia. Tangu 2018 ligi za chini huanza kila mzunguko wa ziada mkimbiaji akiwa tayari amewekwa kituo cha pili, na Ligi Kuu ikafuata mwaka 2020. Mkimbiaji huyo wa bure hurahisisha bao, na mechi nyingi humalizika mzunguko wa 10 au wa 11. Warushaji wanapona, televisheni zinafurahi. Siwezi kudai kwamba ni kanuni mbaya. Siipendi tu.

Naweza kwenda kuuona uwanja?

Umechelewa. McCoy ulifunguliwa mwaka 1942, na Pawtucket Red Sox waliutumia hadi klabu ilipohamia Worcester, Massachusetts, kuanzia msimu wa 2021. Uwanja ukakaa mtupu, nao ukabomolewa kupisha shule ya sekondari. Pale Koza alipopigia mpira wake sasa ni eneo la shule, na wanafunzi, kama wanafunzi wa popote, watakuwa wanatazama saa ukutani wakingoja kipindi kiishe.